Sampuli za hebaria za Agave palmeri: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wanaokusanya, wanaosoma au wanaosahihisha rekodi za hebaria (hazina ya mimea iliyokaushwa) za Agave palmeri, agave ya porini ya kusini mashariki mwa Arizona, kusini magharibi mwa New Mexico, na majimbo ya Sonora na Chihuahua upande wa Meksiko. Mengi yaliyomo yanafaa pia kwa agave nyingine yoyote, ukiwamo mkonge.

Rekodi ya hebaria ni nini hasa?

Ni maelezo ya sampuli moja halisi: mmea au kipande chake, kilichochumwa mahali fulani siku fulani, kikakaushwa, kikabandikwa kwenye karatasi ngumu na kuwekwa kabatini. Karatasi hiyo ina lebo ya mkusanyaji, na siku hizi ina msimbopau. Unachokiona kwenye tovuti ni maneno ya lebo yaliyochapwa upya, mara nyingi pamoja na picha ya karatasi yenyewe. Aliyechapa akikosea, karatasi haijakosea. Kwa hiyo pakitokea ubishi, hukumu hutolewa na karatasi, si na jedwali.

Kwa agave kuna jambo moja la ziada. Mmea mdogo wa mbugani unaingia mzima, mizizi na maua, kwenye karatasi ya sentimita 29 kwa 42 inayotumika Marekani. Agave palmeri hauingii. Majani yake yana urefu wa takriban sentimita 35 hadi 75, na mlingoti wa maua hupanda mita kadhaa. Kilichobandikwa ni ncha ya jani, kipande cha ukingo na maua machache. Mmea uliobaki umo kwenye lebo tu. Mkusanyaji asipouandika, haupo tena.

Jina lilitoka wapi?

Lilitolewa na George Engelmann, daktari na mtaalamu wa mimea wa St. Louis, Missouri, mwaka 1875. Alimpa heshima Edward Palmer, mkusanyaji wa mimea aliyezunguka sana kusini magharibi mwa Marekani na Meksiko. Hebaria ya Engelmann sasa imo katika bustani ya mimea ya Missouri, ambayo kifupi chake ni MO. Vifupi vingine utakavyokutana navyo mara nyingi kwenye spishi hii ni ARIZ (Chuo Kikuu cha Arizona, Tucson), ASU (Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona), DES (Desert Botanical Garden, Phoenix), US (Washington) na MEXU (jiji la Meksiko). Kifupi hicho pamoja na namba ya msimbopau ndiyo anwani ya sampuli. Ukitaja sampuli kwenye andiko lolote, vitaje vyote viwili.

Ni ndugu wa mkonge?

Ndiyo, ni jenasi moja. Tofauti kubwa ni namna ya kuzaliana. Mkonge ukishatoa mlingoti, hujaza miche midogo juu ya matawi na ni nadra kutoa mbegu. Agave palmeri hutegemea mbegu, na machipukizi ya chini ni machache au hakuna kabisa. Zote mbili huchanua mara moja na kufa.

Mbona mmea umejaa milimani lakini rekodi ni chache?

Kwa sababu agave ni mzigo. Mtu aliye na siku moja mlimani anaweza kukandamiza mimea midogo 40 katika muda ambao agave moja ingemla. Jani lina miba, lina utomvu unaowasha ngozi, lina maji mengi, na likiwekwa vibaya linaozesha kila kilicho karibu nalo kwenye kikandamizo. Wakusanyaji wengi wazuri waliipita agave na kuandika jina lake kwenye daftari tu.

Matokeo yake ni kwamba ramani ya nukta inaonyesha walikopita watu wenye moyo wa kuchuma agave, kisha barabara walizotumia, ndipo inaonyesha mmea. Bonde lisilo na nukta halimaanishi bonde lisilo na Agave palmeri. Usitumie ukosefu wa rekodi kama ushahidi wa ukosefu wa mmea, hasa upande wa Sonora na Chihuahua ambako milima mingi haijafikiwa na njia nzuri. Kosa hili tunaliona mara kwa mara kwenye ramani za makadirio ya makazi. Kompyuta hufundishwa zilikopita barabara, halafu msomaji huambiwa ni ikolojia.

Lebo nzuri iandikwe nini?

Linganisha hizi mbili tulizozitunga kwa mfano. Ya kwanza: «Agave palmeri. Vilimani, kusini mwa Tucson. Julai.» Ya pili:

«Agave palmeri Engelm. Marekani, Arizona, kaunti ya Santa Cruz, Canelo Hills, mteremko unaotazama kusini magharibi. 31.512, −110.551, WGS84, kosa lisilozidi mita 15. Mwinuko mita 1,520. Nyasi zenye mialoni iliyotawanyika, udongo wa mawe. Shada la majani moja, halina machipukizi. Urefu sm 70, upana sm 110. Majani yaliyokomaa kama 60. Mlingoti m 4.1, matawi ya pembeni 16. Machipukizi ya maua mekundu nchani, maua yaliyofunguka kijani-njano hafifu. Mimea 20 hivi ndani ya hekta moja, 3 imechanua. Jani, tawi 1 na maua 8 katika alkoholi.»

Ya pili inakuwezesha kuuona mmea. Angalia mambo ambayo karatasi haiwezi kusema yenyewe: ukubwa wa shada zima, idadi ya matawi, kuwepo au kutokuwepo kwa machipukizi, rangi ya maua mabichi. Rangi hupotea ndani ya siku chache. Kila ua kavu la agave mwishowe ni la kahawia, na hakuna mtaalamu atakayeirudisha rangi yake kwa kulitazama.

Mkusanyaji pia awe na mfululizo mmoja wa namba maisha yake yote, 1, 2, 3 na kuendelea, bila kuanza upya kila mwaka. Namba hiyo ndiyo inayounganisha karatasi, chupa ya maua, picha, bahasha ya mbegu na daftari. Chapa lebo kwenye karatasi isiyo na asidi, kwa printa ya leza. Wino wa kalamu ya kawaida huchuja na kufifia.

Nifanyeje kukusanya na kukausha agave isiharibike?

Kwanza kibali (tazama chini), kisha picha, kisha vipimo, na kisu kiwe cha mwisho. Ukishakata mmea huwezi kupima upana wake tena. Piga picha ya mmea mzima ukiwa na fimbo ya kipimo pembeni, picha ya jani moja upande wa juu na upande wa chini, ukingo kwa karibu ili meno yahesabike, na ua moja ubavuni.

Vaa glavu nene, mikono mirefu na miwani. Utomvu una fuwele za kalsiamu oksaleti zenye umbo la sindano, na ukirukia jichoni au kwenye mkono mtupu utajuta siku kadhaa. Chagua jani lililokomaa la safu ya kati, si la chini kabisa lililozeeka wala la katikati linalofunguka. Likate chinichini kwa msumeno mdogo wenye meno makali.

Kabla ya lolote, kata kipande cha jani safi chenye ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, ondoa nyama ya ndani kadiri uwezavyo, na ukiweke kwenye mfuko wenye silika jeli (chembe zinazonyonya unyevu), uzito wa silika uwe angalau mara 10 ya uzito wa kipande. Hiki ni cha DNA. Usikikate baada ya kulichemsha jani au kulitia alkoholi.

Sasa jani lenyewe. Jani la sentimita 60 haliingii kwenye karatasi, kwa hiyo gawanya: ncha ya sentimita 25 hivi pamoja na mwiba wake, kipande cha kati cha sentimita 15 hadi 20 chenye ukingo wote wa upande mmoja, na kipande cha tako. Andika kwa penseli kwenye gazeti kila kipande kimetoka wapi. Pasua kila kipande kwa urefu, halafu kwangua nyama kwa kijiko au kisu butu mpaka ibaki ngozi yenye unene wa milimita 2 au 3. Ukingo na meno visiguswe. Hapa ndipo wengi hukata tamaa na kuacha nyama sentimita nzima, wakidhani kikandamizo kitamaliza kazi. Hakimalizi. Jani la agave ni tishu hai inayotunza maji kwa ukaidi, na linaweza kukaa bichi kwa wiki nyingi huku likiota ukungu kwa chini.

Kwa sababu hiyohiyo jani linapaswa kuuawa. Lichovye kwenye maji yanayochemka kwa dakika moja au mbili, au lilaze kwenye alkoholi ya asilimia 70 usiku kucha. Hapo utando wa seli hupasuka na maji hupata njia ya kutoka.

Panga kwenye kikandamizo hivi: kadibodi yenye mifereji, karatasi ya kunyonya maji, gazeti lenye sampuli, karatasi ya kunyonya, kadibodi. Weka vipande vya sponji pembeni mwa jani ili uzito ugawanyike sawa, la sivyo maua yaliyo pembeni hayabanwi na hujikunja. Kaza mikanda. Siku 3 za mwanzo badilisha magazeti asubuhi na jioni, baadaye mara moja kwa siku. Mashine ya kukaushia iwe nyuzi 40 hadi 45 za Selsiasi na hewa ipite. Hewa ina kazi kubwa kuliko joto. Joto likizidi, ngozi hukauka juu na kufunga unyevu ndani.

Maua: chukua tawi moja la pembeni, na kama ni kubwa punguza maua lakini acha vikonyo ili idadi ihesabike. Maua 5 hivi yapasue katikati kwa urefu kwa wembe na uyakandamize wazi, stameni (viungo vya kiume vya ua) zionekane zinapoanzia kwenye mrija. Mengine matano hadi kumi weka katika alkoholi ya asilimia 70. Hayo ya chupani ndiyo yatakayopimwa kwa usahihi miaka 50 ijayo. Matunda yakiwapo, tia mbegu kwenye bahasha. Mbegu nzuri ni nyeusi na bapa, zile nyeupe hazikurutubishwa. Andika uwiano wake kwa makadirio, maana unasema jambo kuhusu uchavushaji.

Sampuli imekuwa nyeusi. Nini kimetokea?

Mara nyingi ni mojawapo ya matatu: nyama haikukwanguliwa, magazeti hayakubadilishwa siku ya pili, au jani lilifungiwa kwenye mfuko wa plastiki garini mchana kutwa kabla ya kukandamizwa. Weusi wenyewe hauifanyi sampuli kuwa takataka. Meno, mwiba na umbo la ukingo hubaki. Ukungu wenye unga ni shauri lingine. Usiipeleke kabatini mpaka ikauke kabisa, isafishwe kwa brashi laini yenye alkoholi, na ipitie friza.

Friza ya kazi gani?

Kuua wadudu. Mbawakawa wa tumbaku (Lasioderma serricorne) na ndugu yake Stegobium paniceum wanapenda maua makavu ya agave kwa sababu yana chavua na sukari. Funga sampuli kwenye plastiki, weka kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri au pungufu kwa wiki moja hadi mbili, kisha iache irudi kwenye joto la chumba kabla ya kuifungua, vinginevyo itatoa jasho.

Inabandikwaje?

Gundi peke yake haishiki. Vipande vizito vishonwe kwa uzi imara wa kitani, fundo likae nyuma na kufunikwa kwa karatasi. Mwiba wa ncha, ambao kwa spishi hii hufika sentimita 3 hadi 6, uvishwe kijaluba cha karatasi ngumu kinachofunguka. Usipouvika, utatoboa karatasi ya juu yake kabatini, na karatasi hiyo huenda ikawa taipu ya mtu mwingine, yaani sampuli ambayo jina la spishi limefungwa kwayo. Vibonge vya matunda viwekwe kwenye kisanduku chenye namba ileile.

Nitaitofautishaje na Agave parryi na Agave chrysantha kwenye karatasi?

Swali hili lina kazi, kwa hiyo tulichambue taratibu.

Agave parryi ina jani pana na fupi kwa uwiano, rangi ya kijivu-buluu, shada lililofungana kama kabichi, na machipukizi mengi ya chini. Jani lake likigawanywa urefu kwa upana hutoa uwiano mdogo. La Agave palmeri ni jembamba zaidi, kijani, na shada lake limeachana. Kwenye karatasi yenye kipande cha ncha tu, uwiano huo haupo, na hapo ndipo makosa mengi ya utambuzi yanapozaliwa. Ncha za majani ya spishi hizi hufanana mno.

Kwa hiyo tazama ua. Agave palmeri imo katika kundi la Ditepalae, yaani tepali zake (vipande vya ua vinavyofanana na petali) za nje na za ndani hazilingani: za nje ni ndefu zaidi, zina nyama, ncha zake ngumu hubaki na rangi ya kahawia nyekundu hata zikikauka. Rangi ya ua bichi ni kijani-njano hafifu au nyeupe ya nta, na chipukizi la ua lina wekundu nchani. Agave parryi ina maua ya njano yanayotoka kwenye machipukizi ya waridi au mekundu. Agave chrysantha, iliyopewa jina na Peebles mwaka 1935, ni ya njano ya dhahabu tangu mwanzo hadi mwisho, na mafungu yake ya maua yamejazana.

Ua kavu ukitaka kulipima, usilipime likiwa kavu. Limejikunja na vipimo vyake vitakudanganya. Liloweke kwenye maji ya moto yenye tone moja la sabuni ya vyombo kwa dakika chache mpaka lilainike, lifungue kwa koleo ndogo chini ya hadubini, kisha upime. Ua zima la Agave palmeri huwa na sentimita 4.5 hadi 5.5 hivi. Omba ruhusa ya msimamizi kabla ya kuloweka chochote, na ua lililopasuliwa lirudi kwenye bahasha ya karatasi ileile.

Jiografia inasaidia bila kuamua. Agave chrysantha ni ya katikati ya Arizona, kaunti kama Gila, Pinal na Maricopa. Rekodi ya Agave palmeri kutoka huko kaskazini istahili kutazamwa mara mbili. Kumbuka kwamba zamani Agave chrysantha iliwahi kuhesabiwa kuwa aina ndani ya Agave palmeri, hivyo jina la zamani kwenye karatasi linaweza kuwa sahihi kwa wakati wake. Zinapokutana kuna machotara. Sampuli ya kati na kati iitwe hivyo kwenye lebo, isilazimishwe kuingia upande mmoja.

Kwenye karatasi kuna majina matatu. Lipi ni lenyewe?

Jina la kwanza ni la lebo ya asili. Mengine ni vijilebo vya wahakiki waliofuata, kila kimoja na mwaka na sahihi. Havitolewi wala kufutwa. Vinabandikwa pembeni, kimoja baada ya kingine, na kwa kawaida tovuti huonyesha cha mwisho. Cha mwisho si lazima kiwe bora. Utambuzi wa Howard Scott Gentry, aliyeandika kitabu kikubwa cha agave za Amerika ya Kaskazini kilichotoka mwaka 1982, una uzito wake hata kama mtu alipita baadaye na kubadilisha jina. Wewe ukihakiki, andika jina, mwaka, taasisi, na neno moja la sababu: «tepali hazilingani», «jani pana, machipukizi mengi». Sababu ndiyo inayomsaidia atakayekuja.

Nukta ya Agave palmeri iko China. Imefikaje?

Alama ya kutoa imeanguka. Arizona iko magharibi, longitudo yake ni hasi. Viwianishi 31.5, −110.5 ni Arizona. Ondoa alama hiyo, 31.5, 110.5 ni Hubei. Kosa hili ni la bahati, maana linaonekana. Yanayoumiza ni yale yanayobaki Arizona.

La kwanza ni dakika kusomwa kama desimali. Nyuzi 31 na dakika 30 ni 31.5. Aliyeandika 31.30 ameusogeza mmea kilomita 22 kusini, na katika eneo hili kilomita 22 zinakutoa mlimani hadi bondeni au zinakuvusha mpaka.

La pili ni futi kuwa mita. Lebo za Marekani za zamani huandika futi. «5000» ni mita 1,524, mwinuko wa kawaida kabisa kwa spishi hii. Ikisomwa mita, umeipeleka karibu na usawa wa kilele cha Mawenzi, wakati Mount Graham, mrefu kuliko yote kusini mashariki mwa Arizona, una mita 3,269 tu.

La tatu ni datumu, yaani mfumo wa marejeo ambao viwianishi hupimwa kwao. Ramani za zamani za Marekani zilitumia NAD27, GPS ya leo hutumia WGS84. Ukichanganya, nukta inahama makumi hadi mamia ya mita kutegemea mfumo wa gridi. Kwa ramani ya jimbo haina madhara. Kwa anayetafuta mmea uleule kwenye mteremko, inamtosha kumpeleka ng'ambo ya korongo.

La nne ni usahihi wa uongo. Lebo inasema «Santa Rita Mountains», mtu anaweka nukta katikati ya safu ya milima na kompyuta inatoa desimali 6. Desimali 3 ni kama mita 110, desimali 6 ni kama sentimita 11. Safu nzima ya milima haiwezi kuelezwa kwa sentimita 11. Jaza sehemu ya ukubwa wa kosa kwa mita kila mara, na kama hujui mkusanyaji alisimama wapi, pima kutoka katikati ya eneo hadi pembe yake ya mbali na uandike namba hiyo, hata ikiwa 15,000. Rekodi yenye kosa la mita 15,000 lililokiriwa ni rekodi nzuri. Anayefanya kazi ya hali ya hewa ataichuja, anayefanya orodha ya kaunti ataitumia.

Kaunti kwenye lebo hailingani na ramani ya leo.

Huenda zote mbili ni sahihi. Kaunti ya Cochise ilikatwa kutoka Pima mwaka 1881, Santa Cruz ilizaliwa 1899, na Hidalgo ya New Mexico ilitoka Grant mwaka 1919. Lebo ya 1880 isemayo Pima inaweza kuwa na mmea ulioko Cochise leo. Acha maneno ya lebo kama yalivyo katika sehemu ya maneno ya asili, na uandike kaunti ya leo katika sehemu ya kaunti.

Lebo nyingi za karne ya 20 hutumia gridi ya upimaji ardhi: mji-gridi wa maili 6 kwa 6 wenye sehemu 36, kila sehemu maili 1 kwa 1. Ukipewa sehemu tu, weka nukta katikati yake na kosa la mita 1,140 hivi, nusu ya ulalo.

Tarehe 7/8/82 ni lini?

Kwa Mmarekani ni tarehe 8 Julai. Karne ndiyo kazi: 1882 au 1982? Mtazame mkusanyaji. Cyrus Pringle alikuwa Arizona miaka ya mwanzo ya 1880, na hakuna utata kwake. Tukiwa hapo, lebo za J. G. Lemmon za miaka hiyohiyo wakati mwingine husema tu «na mkewe». Mke huyo ni Sara Plummer Lemmon, mtaalamu wa mimea kwa haki yake mwenyewe, na jina lake lijazwe katika sehemu ya wakusanyaji.

Rekodi nne, hebaria nne, namba moja ya mkusanyaji. Nihesabu ngapi?

Moja. Ni nakala za mkusanyo mmoja zilizogawiwa. Zipange kwa mkusanyaji, namba na tarehe kabla ya kuhesabu chochote. Kisha linganisha utambuzi wake: mara nyingi nakala moja imehakikiwa na nyingine imesahaulika na jina la zamani. Ila kwa agave uwe mwangalifu kidogo. Nakala zinaweza kuwa zimetoka mimea tofauti ya kundi moja, kwa hiyo jani lako na ua la hebaria nyingine huenda si vya mmea mmoja. Lebo ikisema «mmea mmoja», ni dhahabu.

Naweza kujua majira ya kuchanua kutokana na rekodi?

Unaweza, ukiwa na picha za karatasi. Neno «inachanua» kwenye jedwali lina maana nyingi: chipukizi, ua wazi, tunda bichi. Fungua picha na uainishe mwenyewe. Maua ya mlingoti hufunguka kutoka matawi ya chini kwenda juu kwa wiki kadhaa, hivyo karatasi moja yenye maua wazi na chipukizi ni jambo la kawaida.

Kuna sababu ya kujali. Popo Leptonycteris yerbabuenae hufika kusini mashariki mwa Arizona wakati wa kiangazi na kunywa nekta ya Agave palmeri usiku mpaka kuelekea Septemba. Aliorodheshwa Marekani kuwa hatarini mwaka 1988, akaondolewa kwenye orodha mwaka 2018 baada ya kuongezeka. Hebaria zina karne nzima ya tarehe za maua ya chakula chake, na hakuna daftari jingine linalorudi nyuma kiasi hicho. Kila tarehe iliyochapwa vibaya inapunguza thamani ya mfululizo huo.

Picha za simu hazitoshi?

Zinatosha kuonyesha kwamba mmea upo, na kwa agave picha ya shada zima inazidi karatasi nyingi. Haziwezi kupasuliwa, kulowekwa wala kutolewa DNA. Fanya vyote viwili na uviunganishe kwa namba.

Rekodi nazipata wapi, na nazitaja vipi?

Kwenye tovuti mbili za rekodi za hebaria: SEINet kwa Arizona na New Mexico, na GBIF kwa dunia nzima. Rekodi ileile inaweza kuwa kwenye zote mbili, na ya SEINet kwa kawaida ndiyo iliyosahihishwa karibuni. Ukipakua kutoka GBIF utapewa DOI (kitambulisho cha kudumu) ya pakuo lako. Itaje hiyo, si «GBIF» tu, maana data hubadilika kila wiki. Angalia leseni: CC0 isiyo na masharti, CC BY inayotaka utaje chanzo, au CC BY-NC inayokataza biashara. Ukiona kosa, wasiliana na hebaria yenye karatasi. Ukisahihisha kwenye jedwali lako pekee, kosa litaendelea kuishi.

Kibali kinahitajika?

Ndiyo. Sheria ya Arizona ya mimea ya asili inazilinda agave, na mwenye ardhi, awe mtu au msitu wa taifa, lazima akubali kwa maandishi. Meksiko, kibali ni cha SEMARNAT, wizara ya mazingira. Agave palmeri haimo kwenye orodha za CITES (mkataba wa biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini), lakini jirani yake Agave parviflora imo Kiambatisho cha I, kwa hiyo hakikisha utambuzi kabla ya kuvusha kitu mpakani. Namba ya kibali iandikwe kwenye lebo.

Karatasi za zamani zina sumu?

Baadhi zilipakwa kloridi ya zebaki dhidi ya wadudu. Vaa glavu za nitrili, usile mezani, nawa mikono ukimaliza.

Niko Tanga. Mkonge ulioota wenyewe kando ya reli ni agave ya porini?

Hapana. Agave zote asili yake ni Amerika. Mkonge uliletwa na Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, mwaka 1893 kutoka Florida, na miche 62 tu ndiyo iliyofika hai. Huo wa kando ya reli umetoroka shambani. Lakini uchume. Afrika Mashariki ina mikonge iliyotoroka ya aina kadhaa, hebaria zetu zina karatasi chache za agave kwa sababu zilezile za miba na maji, na utambuzi wake umechanganyikana. Kuna hata Agave amaniensis, iliyoelezwa mwaka 1933 kutokana na mimea iliyokuwa Amani, Usambara, na kutumika baadaye kuzalisha chotara 11648 wa mashambani.

Utaratibu ni uleule. Ongeza mambo manne kwenye lebo: kama mmea umepandwa au umetoroka, umbali hadi shamba la karibu, kama juu ya mlingoti kuna miche au matunda, na kama ukingo wa jani una meno, yakiwapo ni mangapi kwa kila sentimita 10. Nakala moja peleka Nairobi, hebaria ya Afrika Mashariki (EA), nyingine Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (DSM). Miche ya juu ya mlingoti iue kwa maji ya moto kabla ya kuikandamiza. Usipofanya hivyo, itatoa mizizi ndani ya gazeti.